Kuhama na Kupishana: Kiswahili cha Saketi za Awamu katika Ukanda Mpana



Wengi wenu mmezoea kwamba mhadhara wa hadhara katika taaluma za Kiswahili huhusu ushairi, lahaja, au historia ya lugha. Leo nimeomba ruhusa ya kuzungumzia saketi za elektroniki, na hasa aina moja ya saketi ambayo kazi yake ni kuchukua sauti moja, kuigawa katika nakala mbili, na kuhakikisha kwamba nakala hizo zimeachana kwa robo mzunguko kamili, si katika toni moja tu bali katika toni zote za sauti ya binadamu, na hata katika mawimbi ya redio yenyewe. Nitaeleza jinsi saketi hiyo inavyosanifiwa, na nitaeleza kwa Kiswahili tangu mwanzo hadi mwisho.

Sababu yangu ni ya kiisimu. Tangu Baraza la Kiswahili la Taifa lilipoundwa mwaka 1967, na katika miaka yote ambayo Taasisi ya Uchunguzi wa Kiswahili ilifanya kazi yake kabla ya kuunganishwa katika TATAKI mwaka 2009, tumekusanya istilahi kwa maelfu. Tumezipanga katika orodha, upande mmoja Kiingereza, upande wa pili Kiswahili. Mimi nimeshiriki kazi hiyo na siidharau. Lakini orodha humjaribu mtunzi wa istilahi kwa mtihani mwepesi mno, kwa kuwa ndani yake kila neno husimama peke yake na halimgusi jirani yake. Neno la kitaaluma huonyesha ubora au udhaifu wake pale linapobeba hoja, pale ambapo hatua ya pili inategemea hatua ya kwanza na ya tatu inategemea zote mbili. Katika nchi ambayo mtoto husoma sayansi kwa Kiswahili katika shule ya msingi na wengi huihamia lugha nyingine wanapoingia sekondari, hili si jambo la kupitisha wakati. Tunabishana mwaka baada ya mwaka kama Kiswahili kinaweza kufundishia uhandisi, na ubishi wenyewe hufanywa na watu ambao hawajawahi kujaribu kusanifu hata saketi moja kwa lugha hiyo.

Nianze na neno ambalo kila mmoja wetu analijua, kwa sababu bila kulitatua hatuwezi kusonga mbele. Neno hilo ni masafa. Lilitujia kutoka Kiarabu likiwa na maana ya umbali, na maana hiyo tunayo hadi leo tunaposema mbio za masafa marefu. Idhaa ya Kiswahili ya BBC ilipoanza mwezi Juni mwaka 1957, na idhaa nyingine zilipofuata, watangazaji walituambia tuwasikilize katika masafa mafupi, mita 31 au mita 49. Walisema sawasawa kabisa. Mita 31 ni urefu wa wimbi, yaani umbali kutoka kilele kimoja hadi kingine, na umbali huo ni mfupi ukilinganishwa na mamia ya mita ya masafa ya kati. Baadaye zikaja stesheni za FM, na mtangazaji akaanza kusema masafa ya 88.9, akitaja sasa megahezi, yaani idadi ya mitetemo kwa sekunde. Mamlaka ya Mawasiliano nayo inagawa masafa, na inachogawa hupimwa kwa hezi.

Oneni basi lililotokea. Urefu wa wimbi na idadi ya mitetemo huenda kinyume: ukizidisha kimoja kwa kingine unapata daima mwendo wa wimbi, mita milioni 300 kwa sekunde, kwa hiyo kimoja kikiongezeka kingine hupungua. Masafa mafupi kwa maana ya mtangazaji wa zamani ni masafa ya juu kwa maana ya Mamlaka. Mwanafunzi anayeambiwa kwamba masafa yamepanda hawezi kujua kama wimbi limerefuka au limefupika. Msikilizaji wa redio hapati hasara, kwa kuwa yeye anatafuta stesheni tu. Msanifu wa saketi atapata hasara mara moja. Katika mhadhara huu, basi, idadi ya mitetemo kwa sekunde nitaiita marudio, na masafa nitawaachia wenye redio. Sidai kwamba marudio ni neno zuri kupita yote. Nadai tu kwamba halipingani na nafsi yake.

Sasa tuingie katika tatizo lenyewe.

Redio ya kawaida ya masafa ya kati au mafupi hubeba sauti kwa kubadilisha kimo cha wimbi moja kubwa, ambalo nitaliita wimbi mchukuzi. Ukilichunguza wimbi hilo likiwa limebeba sauti, utakuta sehemu tatu: mchukuzi mwenyewe katikati, ukanda wa kando juu yake, na ukanda wa kando chini yake. Kanda hizo mbili ni kama nyayo za kulia na kushoto za mtu mmoja, kila moja ina habari yote ya sauti. Mchukuzi hana habari yoyote. Na bado, toni moja inapojaza wimbi hilo kwa asilimia 100, theluthi mbili za nguvu zote za mtambo huenda kwa mchukuzi. Tunaye mpagazi anayekula theluthi mbili za chakula cha safari, na nyuma yake watu wawili wanaobeba barua ile ile.

Mhandisi John Carson wa Marekani alitambua mwaka 1915 kwamba ukanda mmoja unatosha. Mawasiliano mengi ya masafa mafupi ya sauti, yakiwamo ya redio koli tulizozizoea katika zahanati za mbali, vituo vya polisi na hifadhi za wanyama, yalijengwa juu ya ukweli huo: ukanda mmoja tu hutumwa, na mchukuzi hubaki nyumbani. Swali ni namna ya kuuondoa ukanda wa pili. Njia moja ni chujio. Chujio hukata, na kwa kuwa kanda mbili zinakaribiana sana, ni lazima liwe kali mno. Njia nyingine ilitolewa hataza na Ralph Hartley mwaka 1928, nayo haikati kitu. Hufanya kanda mbili ziuane zenyewe.

Njia ya Hartley ni hii. Ukizidisha sauti kwa mchukuzi unapata mawimbi mawili: moja lina marudio ya jumla ya marudio yao, jingine la tofauti yake. Hizo ndizo kanda mbili. Chukua sasa nakala ya pili ya sauti iliyoachana na ya kwanza kwa robo mzunguko, yaani nyuzi 90, na nakala ya pili ya mchukuzi iliyoachana na ya kwanza vivyo hivyo, uzizidishe hizo pia. Utapata kanda zile zile mbili, ila mmoja kati yake umegeuka kichwa chini. Jumlisha mazao mawili: ukanda mmoja unaimarika maradufu, wa pili unajifuta. Ukitaka ule mwingine, toa badala ya kujumlisha.

Kila kitu kinategemea nyuzi 90. Zikikosekana, ukanda usiotakiwa haufutiki wote. Kosa la nyuzi 1 tu, vimo vikiwa sawa, huacha mabaki ambayo yako desibeli 41 chini ya ukanda unaotakiwa. Kosa la nyuzi 2 huacha desibeli 35. Kwa mchukuzi hili si gumu, kwa sababu ana marudio mamoja. Lakini sauti ya mtu katika simu au redio koli huanzia hezi 300 na kufikia hezi 3,000, na toni zote hizo, kila moja kwa wakati mmoja na nyingine, lazima ziachane na nakala zake kwa nyuzi 90.

Hapa ndipo tunapokutana na neno la pili, na ndilo kiini cha mhadhara wangu. Kwa Kiingereza saketi hii huitwa kwa jina linalomaanisha, neno kwa neno, mtandao wa kuhamisha awamu. Tafsiri hiyo ipo tayari, haina kosa la kisarufi, na mtu yeyote wa orodha angeipokea. Mimi naikataa, na nitaeleza kwa nini.

Kwanza awamu. Wako wanaolalamika kwamba neno hili limechukuliwa na siasa, kwamba ukisema awamu ya tatu au ya sita watu humfikiria Rais. Malalamiko hayo si ya msingi sana. Mgao wa maji mtaani hufanywa kwa awamu, na huko awamu huzunguka na kurudi, kama inavyofanya katika wimbi. Mafundi umeme wana neno lao, fezi, lakini kwao fezi ni waya wenye moto, kitu cha kushika kwa tahadhari. Shirika la umeme nalo linasema umeme wa njia tatu, msemo unaoeleweka na kila mteja ingawa unaficha jambo moja: njia hizo tatu hazitofautiani kwa kitu kingine ila kwamba mawimbi yake yameachana kwa theluthi moja ya mzunguko. Nitabaki na awamu.

Tatizo liko katika kuhamisha. Kitenzi -hama katika Kiswahili kina mhusika mmoja. Mtu huhama kijiji na kwenda kingine. Anayemwangalia anahitaji kujua alikotoka na alikokwenda, basi. Kuhamisha awamu ni kulisogeza wimbi moja kutoka mahali lilipokuwa. Je, ndivyo saketi yetu inavyofanya? Tuitazame kwa makini.

Tofali la saketi hii ni hatua ndogo yenye rezista moja na kapasita moja inayoamua tabia yake, pamoja na kikuzaji au transista ya kuisaidia. Ina sifa moja ya ajabu: haipunguzi wala haiongezi kimo cha toni yoyote, iwe nene au nyembamba. Kila kinachoingia hutoka na ukubwa ule ule. Si chujio, kwa hiyo, kwa maana haizuii kitu. Naipendekezea jina la kipitishayote, kwa kufuata umbo la majina ambatani tuliyo nayo. Inachobadilisha ni awamu tu. Toni nene hupita karibu bila kucheleweshwa kipembe. Toni nyembamba sana hupinduliwa karibu nyuzi 180. Na mahali pamoja katikati, pale ambapo marudio ni sawa na 1 kugawanywa kwa mara mbili ya pai mara rezista mara kapasita, wimbi hucheleweshwa nyuzi 90 kamili. Mahali hapo tupaite kitovu cha hatua.

Mahali pamoja. Ukishuka hadi sehemu ya kumi ya kitovu, nyuzi zinakuwa 11.4, ukipanda hadi mara kumi yake, zinakuwa 168.6. Kwa hiyo kipitishayote kimoja kinaweza kuhamisha awamu kwa nyuzi 90 katika toni moja tu, na kuongeza hatua nyingine nyuma yake hakusaidii, kwani kila hatua inaongeza mteremko. Kati ya saketi zinazoweza kujengwa kwa vipuri vichache vya kawaida hakuna inayochukua wimbi moja na kulihamisha kwa nyuzi 90 katika ukanda mpana wote bila kubadilisha kimo chake. Anayeitafuta saketi ya kuhamisha anatafuta kitu kisichopatikana.

Kinachopatikana ni kingine. Sauti inaingizwa katika minyororo miwili ya vipitishayote kwa pamoja. Kila mnyororo una vitovu vyake, na vitovu vya mnyororo mmoja vimepangwa kupishana na vya mwenzake. Awamu ya mnyororo wa kwanza inazidi kuchelewa kadiri marudio yanavyopanda. Ya mnyororo wa pili vilevile. Wala hakuna hata mmoja unaokaa mahali pake. Lakini pengo kati yao hubaki karibu nyuzi 90 kuanzia mwanzo wa ukanda hadi mwisho wake. Kila mmoja amehama, tena amehama mbali, na kuhama kwake hakumhusu mtu. Linalotakiwa ni pengo.

Kiswahili kina kitenzi cha hali hiyo, na kila mama mwenye watoto wawili anakitumia: wamepishana miaka miwili. Mkubwa akiwa na miaka 5 mdogo ana 3; mkubwa akifika 40 mdogo ana 38. Umri wa kila mmoja unapanda, lakini walivyopishana hakubadiliki. Wekeni marudio mahali pa muda na awamu mahali pa umri, na mtakuwa mmeeleza lengo la saketi nzima. Mawimbi mawili yamepishana nyuzi 90. Kitenzi kinapokea kipimo moja kwa moja bila kihusishi, kama kinavyopokea miaka, saa au hatua, na mnyambuliko wake wa kutendana haukubali mhusika mmoja. Huwezi kusema wimbi hili limepishana ukanyamaza. Msikilizaji atauliza, limepishana na nini? Sarufi yenyewe inamlazimisha mwanafunzi kuweka mawimbi mawili akilini.

Niongeze jambo la mofolojia kwa ajili ya wanaisimu waliomo humu, na wahandisi wanisamehe. Mzizi -pit- una kauli mbili za kutendesha. Ile ya kale, iliyoigeuza t kuwa sh, imetupa -pisha, yaani kumwachia mtu njia. Ile mpya, yenye kiambishi kinachoonekana wazi, imetupa -pitisha, yaani kufanya kitu kipite ndani ya kingine. Maana zimeachana kiasi kwamba msemaji wa kawaida hahisi tena kuwa ni ndugu. Saketi yetu inazihitaji zote mbili: tofali lake ni la -pitisha, na kazi yake ni ya -pisha iliyoongezwa kutendana. Tukitaka kitenzi cha kile anachofanya msanifu, yaani kuyafanya mawimbi yapishane, tutaongeza kutendesha mara ya pili juu ya kutendana na kupata -pishanisha. Atakayelalamika kwamba ni refu au limebuniwa ofisini ayatazame -patanisha, -kutanisha na -gonganisha, ambayo yana mpangilio huo huo wa viambishi na hakuna kamati iliyoyatunga. Napendekeza basi saketi ya kupishanisha awamu. Nimesema saketi na sikusema mtandao kwa makusudi, kwa kuwa mtandao umekwisha kuchukuliwa na simu na intaneti, na kulidai neno hilo lirudi ni kazi bure.

Si Kiswahili peke yake kilichohisi jambo hili. R. B. Dome alipochapisha makala yake juu ya saketi hizi mwezi Desemba mwaka 1946, kichwa chake kilizungumzia kuhama kwa awamu. Sidney Darlington wa maabara za Bell, aliyetoa mwaka 1950 nadharia ya namna ya kuzisanifu kikamilifu, aliita makala yake kwa jina la tofauti ya awamu isiyobadilika. Donald Weaver mwaka 1954 na S. D. Bedrosian mwaka 1960, aliyewapa wasanifu majedwali ya kufanyia kazi, walitumia pia neno tofauti. Wenye hesabu walijisahihisha. Mazoea ya kusema kuhama yalibaki hivyo hivyo katika vinywa vya mafundi, na hakuna ubaya kwao. Ubaya ni sisi kutafsiri mazoea hayo tukadhani tumetafsiri dhana.

Turudi kwenye usanifu, kwa maana sasa neno limekuwa tayari na tunaweza kulipa kazi.

Tuanze na mpangilio mdogo kabisa: kipitishayote kimoja kila upande. Tuseme katikati ya ukanda ni hezi 1,000. Tukitaka mawimbi yapishane nyuzi 90 kamili hapo katikati, vitovu viwili lazima viwe na uwiano wa 5.83, yaani kimoja hezi 414 na kingine hezi 2,414. Ni vizuri, hadi tunaposhuka kwenye hezi 500 au kupanda kwenye 2,000, ambako upishano umekuwa nyuzi 77 tu. Msanifu mwenye busara hufanya nini? Huvitenganisha vitovu zaidi kidogo, ili katikati upishano uzidi 90 na pembeni upungue, makosa yagawanywe sawa. Kwa ukanda wa hezi 300 hadi 3,000 mgawanyo bora kabisa huo bado unaacha kosa la karibu nyuzi 16 kila upande, na ukanda usiotakiwa unabaki desibeli 17 tu chini. Hiyo haifai hata kwa redio koli ya kijijini.

Ukiweka vipitishayote viwili kila upande, vinne kwa jumla, na ukivipanga kwa kanuni ya Darlington, kosa linashuka hadi takriban nyuzi 1.1, na mabaki hadi karibu desibeli 40. Kwa vitatu kila upande kosa ni chini ya sehemu moja ya kumi ya uzi. Katika mpangilio huo mstari wa upishano hauwi mnyoofu. Unapanda na kushuka juu na chini ya 90, vilele vyote vikiwa na kimo kimoja na mabonde yote kina kimoja. Hilo si dosari bali ndilo dalili ya usanifu bora, kwani kosa lisilokusanyika mahali pamoja ndilo dogo kuliko yote.

Nitawaonya hapa dhidi ya karatasi. Kosa la asilimia 1 katika rezista au kapasita moja linasogeza awamu ya hatua yake, kwenye kitovu chake, kwa nyuzi 0.57. Anayejenga saketi ya hatua sita kwa vipuri vya asilimia 1 amelipia sehemu ya kumi ya uzi na kupata nusu uzi au zaidi. Nimeona vitabu vinavyomwachia mwanafunzi majedwali ya tarakimu tano bila neno hata moja juu ya jambo hili, na naona huo ni ukatili.

Nimekuwa nikisema ukanda mpana, na neno hilo nalo lina mtego. Ukanda wa hezi 300 hadi 3,000 una upana wa hezi 2,700. Ukanda wa megahezi 9.5 hadi 9.7, mahali pa matangazo ya mita 31, una upana wa hezi 200,000. Upi ni mpana? Kwa mgawaji wa masafa ni wa pili. Kwa msanifu wa saketi ya kupishanisha, wa pili ni mwembamba kama uzi wa buibui na wa kwanza ndio mpana, kwa sababu tabia ya rezista na kapasita hufuata uwiano wala haifuati tofauti. Upana kwake ni mara ngapi, si hezi ngapi. Napendekeza tuseme ukanda wa mara kumi, ukanda wa mara tatu, na tuache kutaja upana tupu.

Tukishasema hivyo, jambo moja zuri linajitokeza lenyewe. Redio ya masafa mafupi inayopokea kuanzia megahezi 3 hadi 30 inahitaji mchukuzi wake wa ndani uwe na nakala mbili zilizopishana nyuzi 90 katika ukanda wote huo. Nao ni ukanda wa mara kumi. Kwa hesabu, ni saketi ile ile ya sauti: vitovu vyote vizidishwe kwa 10,000, yaani kila zao la rezista na kapasita ligawanywe kwa 10,000, na kosa litabaki nyuzi zile zile 1.1 kwa hatua nne.

Kwa hesabu, nasema. Vitu vyenyewe havitii. Kati ya waya wowote na jirani yake kuna kapasita ndogo ambayo hakuna aliyeinunua, tuseme pikofaradi 2. Kwenye hezi 3,000 kapasita hiyo inakinza kwa zaidi ya omu milioni 26, ambazo ni sawa na kutokuwapo. Kwenye megahezi 30 inakinza kwa omu 2,650 hivi, na sasa imekuwa sehemu ya saketi, tena sehemu isiyoandikwa katika mchoro. Kikuzaji kikichelewa kwa nanosekunde 1, muda ambao nuru inasafiri sentimita 30, kinaongeza nyuzi 10.8 kwenye megahezi 30 na nyuzi 1.08 tu kwenye megahezi 3. Kuchelewa huko kukiwa katika mnyororo mmoja na si katika mwenzake, upishano umeharibika; kukiwa katika yote miwili kwa kiasi kile kile, hakudhuru lolote. Wote wawili wamehama, hawajapishana zaidi. Ndiyo maana fundi mwangalifu hujenga minyororo miwili kama pacha, kwa vipuri vya aina moja na waya za urefu mmoja, na hutumia rezista ndogo, za mamia ya omu, ili pikofaradi mbili zisizo na mwenyewe zisipate sauti.

Mwanafunzi aliyefundishwa kuhamisha angeuliza namna ya kuondoa ucheleweshaji. Aliyefundishwa kupishanisha atauliza namna ya kuulinganisha. La kwanza ni ghali na pengine haliwezekani. La pili ni kazi ya siku mbili. Sijui hoja yenye nguvu kuliko hii ya kutetea uchaguzi wa neno.

Ni haki kusema kwamba kwa mchukuzi wengi siku hizi hukwepa kazi hii kabisa. Wanatengeneza wimbi lenye marudio mara nne, kwa mfano megahezi 120 kwa ajili ya 30, na kuligawanya kwa nne kwa saketi za kidijitali, ambazo kwa umbo lake hutoa mawimbi mawili yaliyopishana robo mzunguko kwa marudio yoyote. Na kwa sauti, kompyuta hufanya kwa hesabu kile ambacho minyororo ilifanya kwa vipuri, ingawa hata katika programu hizo jozi ya vipitishayote inatumika bado. Kitenzi hakikubadilika teknolojia ilipobadilika. Bado ni kupishana.

Limebaki neno moja ambalo sina uamuzi nalo, nami nitaliacha mikononi mwenu. M. J. Gingell alieleza mwaka 1973 saketi ambayo haina minyororo miwili iliyotengana bali wavu mmoja wa rezista na kapasita wenye njia nne, na matokeo yake ni mawimbi manne, kila moja likiwa nyuma ya lililotangulia kwa nyuzi 90, la nne likimfuata la tatu na la kwanza likilifuata la nne. Ina uzuri wake, kwa sababu kila safu ya wavu husahihisha makosa ya safu iliyopita na vipuri vya kawaida vinatosha. Je, manne hayo yanapishana? Magari manne barabarani yanaweza kupishana, lakini kwa wawili wawili. Hapa kuna zamu, duara la wanne, na mwelekeo: wavu huo hupitisha mawimbi yanayofuatana kwa mkono wa kulia na kuyafuta yanayofuatana kwa mkono wa kushoto. Mwenzangu mmoja wa uhandisi anapenda kupokezana. Mimi naona kupokezana kunahitaji kitu kinachopita mikononi, na hapa hakuna kinachopita. Kufuatana kunasema mpangilio lakini hakusemi pengo. Nitafurahi kusikia kutoka kwenu, hasa kutoka kwa wale wanaotoka mahali ambako ngoma huchezwa kwa duara, maana huko huenda kitenzi kinachotufaa kikawa kinatumika kila jioni.

Maswali nayakaribisha.